Kughoshi, Kuzimua na Kubadili: Istilahi za Ulinzi wa Sampuli

Wafasiri wa miongozo ya kijeshi na ya maabara hukutana na dhana ya kuiingilia sampuli ya mkojo ili kipimo cha dawa za kulevya kisitoe jibu la kweli. Ni rahisi kuifasiri dhana hiyo kwa neno moja, "kuharibu". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi, na kwamba upungufu wake waweza kumponza askari asiye na hatia.

Dhana hizi zilikuzwa sana katika majeshi ya Marekani. Mwaka 1971 Rais Nixon aliagiza askari waliokuwa wakiondoka Vietnam wapimwe. Tarehe 26 Mei 1981 ndege ilianguka juu ya sitaha ya manowari Nimitz, karibu na pwani ya Florida. Watu 14 walikufa, na baadhi ya maiti zikakutwa na dalili za bangi. Baada ya hapo upimaji uliimarishwa majeshini, na jibu la kipimo likaweza kumfikisha askari mahakamani au kumwachisha jeshi. Hivyo ilibidi sampuli ilindwe pande mbili: dhidi ya hila za mpimwa na dhidi ya uzembe wa wapimaji.

Hila za mpimwa ni tatu, na kila moja yastahili istilahi yake.

(i) Kuzimua. Ni kupunguza ukali wa mkojo kwa maji, ama kwa kuyanywa kwa wingi kabla ya kipimo, ama kwa kuyatia chupani. Maabara huitambua hila hii kwa upungufu wa kreatinini. Lakini mtu aweza kunywa maji mengi kwa kiu tu. Kwa hiyo mkojo uliozimuka si lazima uwe umezimuliwa kwa makusudi.

(ii) Kughoshi. Ni kutia kitu kigeni, kama chumvi, sabuni au nitraiti, ili kuvuruga kipimo. Katika mazungumzo ya kawaida, mwuza maziwa atiaye maji husemwa kuwa ameyaghoshi. Katika istilahi tunapendekeza maji yaachiwe "kuzimua". Aidha, "kughoshi" kusichanganywe na "kughushi", ambako kwahusu hati na sahihi.

(iii) Kubadili. Ni kuleta mkojo wa mtu mwingine, au kitu kisicho mkojo kabisa. Kinga yake jeshini ni mshuhudiaji wa jinsia moja na mpimwa, ambaye hutazama mkojo ukitoka mwilini na kuingia chupani.

Mfasiri akiandika "aliharibu sampuli" kwa hila zote tatu, msomaji hawezi kujua mtu alikunywa maji, alitia sabuni, au alileta chupa ya mwenziwe. Mbaya zaidi, hata chupa iliyovunjika kwa bahati mbaya huingia katika neno hilohilo.

Kuhusu uzembe wa wapimaji, dhana kuu ni ile ya kumbukumbu zinazoonyesha nani alishika sampuli, lini, na kwa sababu gani. Tafsiri ya neno kwa neno huleta "mnyororo", neno linalomkumbusha msomaji mfungwa. Sisi tunapendekeza "mfuatano wa makabidhiano", kwa kuwa kila mtumishi wa serikali aijua hati ya makabidhiano. Mpimwa huhakiki kibandiko na kutia herufi za jina lake. Kifuniko hufungwa kwa lakiri ya utepe. Na kila anayeipokea chupa hutia sahihi. Lakiri ikikutwa imevunjika, maabara yaweza kuikataa sampuli. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1984, pale uchunguzi katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ulipoonyesha kuwa majibu mengi ya miaka iliyotangulia hayakuweza kutetewa kisheria kwa sababu ya kasoro za kumbukumbu na za maabara.

Mwisho, "sampuli" isiitwe "kielelezo" kabla haijatolewa mahakamani. Tangu sheria ya Tanzania ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama, tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Hakimu hupima neno lililoandikwa, na mshtakiwa hubeba uzito wake. Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi kazini, kisha watuletee maoni yao.