Kuona, kuonya, kuonea: neno moja na watoto wake



Wadogo wetu wa hapa Kamina wananiuliza mara kwa mara: Kiswahili kimetoka pwani, Kiluba ni cha kwetu, sasa vinakutana wapi? Leo ninajibu kwa neno moja tu, lile la macho: kuona.

Kwa Kiluba tunasema kumona. Wabemba nao wanasema mona, Lingala ni komona, Kinyarwanda ni kubona. Wazulu kule Afrika ya Kusini wanasema bona. Salamu yao, sawubona, maana yake ni "tunakuona". Wataalamu wa lugha za Kibantu walipolinganisha maneno haya walipata shina moja la zamani sana: -bon-. Katika Kiswahili ile b imelegea. Pale Kiluba kinaposema bantu, Kiswahili kinasema watu; babidi ni wawili. Mbele ya o imepotea kabisa, njo maana tunasema ona. Kwa hiyo mtu wa Katanga akisema "batu", asichekwe: b yake ni ya wazee.

Hata jicho ni la ukoo huo huo. Kiluba diso, Lingala liso, Kiswahili jicho. Wingi wake meso, miso, macho.

Sasa tuangalie watoto wa kuona. Kama pona inavyozaa ponya, ona inazaa onya. Kumponya mtu ni kufanya apone. Kumwonya ni kufanya aone. Onyo, kwa asili yake, ni kumfungua mtu macho mbele ya hatari. Si kumtisha.

Mtoto mwingine ni kuonea. Ukimwonea mtu huruma, umemwangalia kwa moyo. Lakini ukiondoa huruma ukasema tu "ananionea", hapo ni dhuluma: mkubwa anamkandamiza mdogo.

Mimi mwenyewe niliwahi kupewa barua ya onyo kazini, mahali nisipopataja. Mistari mitatu na saini. Kosa lenyewe halikuandikwa. Nilipouliza nimekosa nini, nikaambiwa: "Wewe unajua." Barua hiyo ilibeba jina la onyo, lakini haikunionyesha kitu. Ilikuwa kuonea tu.

Ninawaambia haya kwa sababu wengi wetu tunashika sasa madarasa, ofisi, huduma za afya. Tutaandika barua za onyo, tutawakemea wanafunzi. Kabla ya kutia saini tujiulize: huyu akimaliza kusoma ataona kosa lake, siku lilipotokea, na njia ya kulitengeneza? Kama ataona, tumeonya. Kama haoni kitu, tumemwonea.

Na wale ambao kwao ni Bukama, Kabongo, Kaniama ao Malemba-Nkulu, mukienda likizo muwaulize wazee watoto wa kumona ni wangapi. Muyaandike kwenye daftari, kwa maana wazee hawatatungoja.