Shakwe Juu ya Barafu

Shakwe anapoelea majini, miguu yake haionekani, na miguu ndiyo inayomtambulisha. Ndiyo maana watazamaji ndege wa Massachusetts, Marekani, huvumilia baridi ya Januari kando ya Fresh Pond, bwawa linalohifadhi maji ya kunywa ya jiji la Cambridge. Maji yakiganda, shakwe husimama juu ya barafu kwa mamia, wote wakiukabili upepo. Kwetu, mchanga wa mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, hutoa nafasi kama hiyo.

Mwenye miguu ya manjano na pete nyeusi mdomoni ni wa aina moja. Mwenye miguu ya waridi na doa jekundu chini ya mdomo ni wa aina nyingine. Doa hilo hudonolewa na kinda anapotaka kulishwa. Niko Tinbergen, aliyelichunguza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa utafiti wake wa tabia za wanyama. Shakwe mwenye mgongo mweusi tii, mkubwa kuliko shakwe wote duniani, hana haja ya kutafutwa.

Kazi ngumu ni kuwatambua vijana. Shakwe wa doa jekundu huchukua takriban miaka minne kufikia sura ya utu uzima, na kila mwaka huwa na madoadoa tofauti ya kahawia. Hapo mtazamaji hutulia na darubini, akipima umbo la kichwa na unene wa mdomo. Ncha za mabawa zikiwa nyeupe badala ya nyeusi, moyo humdunda: huenda ni mgeni kutoka Aktiki.

Nyayo tupu za shakwe hazigandi juu ya barafu kwa sababu mishipa inayoshusha damu ya moto miguuni hupita ubavuni mwa ile inayopandisha damu baridi. Joto huhamia kwenye damu inayorudi mwilini, lisipotelee barafuni. Naona huu ni ufundi mkubwa kuliko hata kuruka.

Kuhesabu kundi huanza na shakwe kumi. Ukishaona kumi wanachukua nafasi gani, unakadiria mia, kisha unapima kundi zima kwa mia hizo. Wageni adimu huhesabiwa mmoja mmoja, na mapema, maana tai akipita juu kundi lote huruka, na wakitua tena wamechanganyika upya, hesabu inaanza mwanzo.