Ua wa Mianzi Uani: Sitara ya Nyumba na Hadhari Zake Katika Kijiji cha Mloka

Nyumba ya Pwani haijakamilika mpaka iwe na ua. Uani ndipo chakula kinapopikwa, mpunga unapotwangwa, watoto wanapoogeshwa na nguo zinapoanikwa. Choo na bafu navyo viko huko huko. Mwanamke anayeishi katika nyumba isiyo na ua hufanya kazi zake zote mbele ya macho ya wapita njia, na kuoga kwake hungoja giza. Kwa hiyo tunapozungumzia ua hatuzungumzii pambo. Tunazungumzia sitara na heshima ya kaya, na pia usalama wa mtu asiyelazimika kutoka nje usiku kwa sababu mchana hakupata faragha.

Huko Mloka, wilayani Rufiji, jambo hili lina historia yake. Zamani Warufiji wengi waliishi bondeni, kila kaya shambani kwake, na jirani alikuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Operesheni Rufiji iliwahamishia wakazi wa bondeni katika vijiji vilivyopangwa kwenye ardhi ya juu. Nyumba zikakaribiana. Baadaye ikaongezeka barabara inayokwenda lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere (hadi mwaka 2019 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous), na magari ya watalii hupita na kamera zao. Mtu anayejali sitara yake ana sababu ya kujenga ua.

Tatizo ni kwamba ua tulionao haudumu. Makuti, matete na fito ni vitu vizuri na vya asili, lakini baada ya masika mbili tatu mchwa wamekwishakula nguzo na upepo umekwishaangusha kilichobaki. Kila matengenezo yanahitaji nguzo mpya, na nguzo hutoka msituni. Wenzetu wa chini, kwenye delta upande wa Kibiti, hukata mikoko kwa kazi kama hiyo, na mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki. Ua unaoota wenyewe ungepunguza mzigo huo. Ndiyo maana tunapenda kueleza hapa kuhusu mianzi.

Mwanzi upi?

Mwanzi si mti. Ni nyasi, ndugu wa mahindi, mpunga, muwa na matete. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba chini ya ardhi mianzi haifanani. Ipo inayotambaa, kama ile ya China na Japani ambayo shina lake la chini hukimbia mita kadhaa na kuchomoza uani kwa jirani, hata ndani ya sakafu. Hiyo usiipande karibu na nyumba hata ukipewa bure. Ipo pia inayokaa kichaka: tunguu lake ni fupi na nene, na chipukizi jipya huchomoza ubavuni mwa mama yake. Kichaka hiki hupanuka polepole kwa kipimo cha shubiri moja au zaidi kidogo kila mwaka, na mwenye panga anaweza kukitawala.

Kwa Mloka chaguo la kawaida ni mwanzi wa kawaida wa tambarare, ambao wataalamu huuita Bambusa vulgaris. Upo wa kijani, na upo wa njano wenye mistari ya kijani unaoonekana katika bustani nyingi za hoteli na ofisi. Hufikia mita 10 hadi 20, unene wa sentimita 4 hadi 10, na hustahimili joto la Pwani. Mafuriko ya siku chache hauogopi sana, ila maji yakituama kwa muda mrefu matunguu huoza. Wanaokumbuka mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti wanajua tofauti ya mahali maji yanapopita na mahali yanapokaa. Mianzi mingine inayojulikana nchini haifai hapa kwa kazi hii: ule wa ulanzi wa Iringa na Njombe unapenda nyanda zake, na ule wa mlima Meru na Rungwe hauwezi joto letu.

Kwa mwenye kiwanja kidogo upo mwanzi mwembamba wa uzio, Bambusa multiplex, mfupi na wenye majani mengi hadi chini. Ukipata miche yake usiiache. Kwa sitara ya bafu naupenda kuliko ule mkubwa.

Kuotesha na kupanda

Mtu akikuuzia mbegu za mwanzi huu wa kawaida, mwambie hapana. Mwanzi huo ni nadra sana kutoa maua, na hata ukitoa haufanyi mbegu. Huzaliana kwa vipande. Chagua mwanzi wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, si mchanga sana wala mkavu. Kata vipande vyenye mafundo mawili, macho yakiwa mazima. Toboa tundu dogo katikati ya pingili, jaza maji, ziba kwa udongo au jani, kisha ulaze kipande kitaluni na kukifunika kwa udongo kiasi cha sentimita 5 hadi 10. Weka kivuli na umwagilie. Njia ya pili ni kuchimba mwanzi mchanga pamoja na tunguu lake, kuukata ubaki urefu wa mita moja hivi, na kuupanda mara moja. Njia hii ni ya uhakika zaidi lakini ni nzito, na inataka mtu mwenye kichaka anayekubali kichimbwe.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Anayepanda vipande moja kwa moja mwezi Aprili hupata majani mazuri, halafu kiangazi cha Juni hadi Oktoba huwakuta mizizi haijashika. Afadhali kuanza kitaluni wakati wa vuli, Novemba, ili miche iliyokwishatia mizizi ihamishwe mvua za masika zinapoanza Machi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tia samadi iliyooza, na acha mita 2 hadi 3 kati ya shimo na shimo. Wenye haraka hupanda kila nusu mita, wakidhani watapata ukuta mapema. Baada ya miaka michache wanapata msongamano usiopenyeka hata kwa panga. Mwanzi mwembamba unaweza kupandwa kila mita moja au moja na nusu. Mwaka wa kwanza mwagilia kiangazi chote, funika mashina kwa nyasi kavu, na uzungushie miiba, kwa kuwa mbuzi hawajui kwamba ule ni mradi.

Usikate tamaa ukiona mianzi ya kwanza ni myembamba kama kalamu. Kila chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa maisha, hupanda hadi urefu wake wote kwa miezi michache, na baada ya hapo halinenepi tena. Kinachokua ni tunguu, na kila mvua tunguu hutoa mianzi mikubwa kuliko ya mwaka uliopita. Kwa hiyo acha ua wako wa makuti mahali pake kwa miaka mitatu ya mwanzo, na upande mianzi nyuma yake. Ukitaka sitara ya mita tatu tu, kata ncha kwenye urefu huo mwanzi ukishafungua matawi. Hautarefuka tena, utaongeza majani pembeni.

Kichaka na wanyama

Hapa Mloka hatuwezi kuiga tu bustani za Dar es Salaam. Sisi tunaishi mlangoni mwa hifadhi. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu wapatao 35 waliuawa na simba katika vijiji vya Rufiji. Simba aliyehusishwa na mauaji hayo alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990. Watafiti hao walionyesha kwamba nguruwe pori wanaofuata mazao huvuta simba hadi mashambani. Wengi walishambuliwa wakilinda mazao, lakini wapo waliokutwa wakienda chooni usiku.

Kwa hiyo kichaka kinachositiri mtu kinaweza pia kumsitiri mnyama. Maoni yangu ni haya, na wazee wa kijiji wanaweza kuyarekebisha: usipande mianzi pande zote mbili za njia ya kwenda chooni. Panda upande wa barabara na wa jirani, ambako macho yanatoka, na upande unaotazama pori acha uwazi uliofyekwa. Ondoa matawi yote ya chini hadi kimo cha magoti au kiuno, ili ukimulika tochi uone mpaka upande wa pili. Watu husema hilo linaharibu sitara. Haliharibu, ukiweka kipande kifupi cha makuti upande wa ndani penye bafu.

Majani makavu yazoe kila wiki. Yakirundikana hukaa panya, na panya huleta nyoka. Tena hushika moto upesi, na mwanzi unaoungua hupasuka kwa kishindo hewa ya ndani ya pingili inapopanuka. Acha angalau mita tatu kati ya kichaka na nyumba, na zaidi penye jiko la nje lililoezekwa makuti.

Tembo pia ni wa kuangaliwa. Wale wa milima ya Aberdare nchini Kenya hula mianzi, na hakuna sababu ya kudhani wa kwetu watakataa majani mabichi wakati wa kiangazi. Mstari wa mianzi pembezoni mwa kijiji, nje kabisa, haushauriwi.

Ardhi ni ya nani?

Hili huwa halisemwi katika mafunzo ya kilimo, nalo ndilo lililogombanisha majirani wengi. Kwetu Pwani anayepanda mmea wa kudumu huonekana anadai ardhi. Mpangaji, au mjane anayeishi kwenye kiwanja cha ndugu wa marehemu mumewe, akipanda mianzi bila kusema, ataulizwa. Mwite jirani na mjumbe kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mpime mpaka pamoja, na uingie ndani ya kiwanja chako mita moja na nusu, kwa sababu kichaka kitapanuka. Ikitokea kutoelewana, lipo baraza la ardhi la kijiji. Wenye viwanja karibu na mto wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Wasianze kazi huko kabla ya kuuliza serikali ya kijiji.

Kuvuna

Kichaka kisichovunwa huzeeka na kujisonga. Mwanzi hukomaa ukiwa na miaka mitatu au minne, na hapo ndipo una nguvu ya kuwa nguzo, kichanja, ngazi au fito za kujengea. Tia alama ya rangi kwenye mianzi ya kila mwaka, la sivyo utakata michanga. Vuna kiangazi, anzia katikati ya kichaka ili kipate hewa, na ukate juu kidogo ya fundo la kwanza au la pili ili maji yasituame kwenye kisiki. Usiguse mianzi ya mwaka huu, ndiyo inayolisha chipukizi za mwaka ujao. Chipukizi changa za mwanzi huu zina sumu ya aina ile ile ya mihogo michungu. Huliwa baada ya kumenywa na kuchemshwa vizuri kwa maji yanayomwagwa, lakini mtoto asizitafune mbichi.

Mwanzi uliokatwa una adui mmoja mkubwa, kidudu kidogo kinachotoboa na kuacha unga mweupe. Ni jamaa wa dumuzi, yule tunayemwita skania, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kumaliza mahindi ghalani. Wote wawili wanafuata wanga. Dawa ya bei nafuu ni kuloweka mianzi majini wiki tatu au nne ili wanga utoke, kisha kuikausha kivulini ikiwa imesimama. Wenzetu wa visiwani hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani kwa muda mrefu zaidi kabla ya kusokota kamba, kwa hiyo wazo la kuloweka si geni. Lakini usiloweke mtoni. Mamba wa Rufiji hawahitaji kutangazwa, na mtu anayeinama ukingoni kila siku chache kugeuza mianzi anajiweka mahali pabaya. Chimba shimo refu uani, tandika turubai, weka mianzi na mawe juu yake, jaza maji na uyabadilishe kila wiki. Maji yanayotolewa, ingawa yananuka, hufaa kumwagiwa miche iliyopandwa masika iliyopita.