Je, Wajua? Kiti cha Mtoto Mbele ya Gari

Mfuko wa hewa ulio kwenye dashibodi hufumuka kwa muda usiozidi sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na kishindo chake chaweza kumuua mtoto mchanga aliyewekwa kwenye kiti kinachotazama nyuma. Ndiyo maana mahali salama pa mtoto ni viti vya nyuma. Lakini pikapu ya safu moja ya viti inayotoka Ras Kamboni kwenda Kismayu haina nafasi hiyo. Humo mfuko wa abiria huzimwa kwanza kwa swichi yake, kiti cha gari husogezwa nyuma kabisa, kisha kiti cha mtoto hukazwa kwa mkanda hadi kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Mfuko usipozimika, mtoto mchanga asipakiwe mbele.