Mama akisema kuna shida, tumsikilize

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linalomgusa Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali sawasawa: kujifungua. Na akina baba, msifunge ukurasa. Haya ni yenu pia.

Tulikuwa tumekaa kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Mama mmoja kutoka Kivu akatueleza jinsi alivyojifungua mtoto wake wa pili. Usiku ule damu ilikuwa inatoka nyingi, naye anasema kwa Kiswahili, "Dada, naona giza." Muuguzi alijua Kinyankole na Kiingereza. Akadhani ni malalamiko ya uchungu tu, akamwonyesha kwa mkono kwamba atulie. Mama wa kitanda cha pili, aliyesikia lugha zote mbili, ndiye aliyepiga kelele. Basi wakamwahi. Mtoto leo anatembea. "Yule dada asingekuwepo," alituambia, "mngekuwa mmenizika."

Sasa tunajiuliza: kwani uhai wa mama utegemee bahati ya jirani wa kitanda?

Watu wa afya wanasema mama mzazi hupotea kwa kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa nyumbani: "Tungoje baba arudi," au "Huyu ni wa tano, atatoka tu mwenyewe." Pili ni kuchelewa njiani: usiku, mvua, pesa ya boda hakuna. Tatu ni kuchelewa pale pale hospitali: umefika, lakini hakuna anayekuhudumia au anayekuelewa. Mbili za kwanza tunaziongea kila siku. Ya tatu tunainyamazia, kwa kuwa mkimbizi anaogopa kuonekana msumbufu.

Ndugu zetu, siyo usumbufu. Ni haki. Mwaka 2009 Sylvia Nalubowa wa Mityana, mwenye mimba ya mapacha, alifariki akiwa na mtoto wa pili bado tumboni. Mwaka 2010 Jennifer Anguko, diwani wa Arua, naye alifariki baada ya kungoja masaa mengi akitokwa damu. Hata cheo hakikumsaidia. Mwaka 2011 shirika la CEHURD pamoja na familia zao wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 kesi ikatupwa. Hawakuchoka. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru isikilizwe, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikasema wazi kwamba serikali ikishindwa kutoa huduma ya msingi kwa mama anayejifungua, inavunja Katiba. Na sisi wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakataza tubaguliwe.

Mabadiliko yanaonekana. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulihesabu vifo vya akina mama 336 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 189. Wamepungua, lakini kila mmoja wa hao 189 alikuwa mama wa mtu.

Pengine kuna anayesema, "Mimi nangoja kwenda Marekani, kule hakuna shida hizo." Pole pole. Kule vifo ni vichache kuliko huku, ni kweli. Lakini mwaka 2023 akina mama weusi wa Marekani walikufa 50 kwa kila watoto 100,000, na wazungu 14 au 15. Ni zaidi ya mara tatu. Mashine zipo, madaktari wapo. Shida mojawapo ni ile ile ya kitanda cha mama wa Kivu: mama mweusi anasema, hasikilizwi. Serena Williams, bingwa wa tenisi, alijifungua mwaka 2017. Siku iliyofuata pumzi ikambana, akajua ni damu iliyoganda. Muuguzi akadhani ni dawa za maumivu zinamchanganya. Serena akang'ang'ania apimwe. Damu iliyoganda ikakutwa kwenye mapafu. Kung'ang'ania kulimwokoa.

Basi tufanye nini sisi wa huku Kabingo na Nakivale?

Tuchague mapema. Mimba ikijulikana tu, anza kliniki. Muulize mkunga: mimi ni wa kujifungulia kituo cha hapa, au ni wa kupelekwa Mbarara? Aliyepasuliwa zamani, mwenye mapacha au mwenye presha asingoje uchungu ndipo aulize.

Tuweke akiba. Kidogo kidogo kila mwezi, pesa ya boda na ya simu. Mjue mapema mtamwita nani usiku, na nani atabaki na watoto.

Tuchague msindikizaji. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu anayemtaka pembeni yake, na achague mwenyewe namna ya kukaa wakati wa kuzaa. Kwetu tunaongeza: mtu huyo ajue lugha ya wauguzi.

Tuzijue dalili za hatari: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja, ondoka saa hiyo hiyo. Na dawa za miti za kuharakisha uchungu tuziache. Zinaweza kupasua kizazi.

Na mama akisema "sijisikii vizuri" na asisikilizwe, msindikizaji arudie. Amwite musawo mwingine. Aseme kwa heshima, lakini asiache. Wauguzi wengi ni watu wema waliochoka, wana wagonjwa wengi kuliko mikono yao. Ukimweleza vizuri, "Dada, damu imejaza vitambaa vitatu," atasikia haraka kuliko ukimtukana.

Ninyi mnaojua Kinyankole na Kiswahili, mjitolee. Mwambieni VHT wa kijiji chenu aandike namba yenu ya simu. Usiku mmoja itapigwa, na mama fulani atarudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.