Redio Darasani na Kazi Inayombakia Mwalimu

Mwalimu mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha siku hizi huwa na simu mfukoni. Katika shule kadha wa kadha za Tanzania atakuta pia vishikwambi, maana vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 vilianza kugawiwa walimu mwishoni mwa mwaka huohuo. Swali ambalo wanachuo hutuuliza mara kwa mara ni hili: je, chombo kikishasema, mwalimu afanye nini? Tumeona vyema kulijibu kwa kurudi kwenye chombo cha zamani zaidi, yaani redio.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Kwa hiyo, tangu mwaka 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini. Walifundisha, na papo hapo wakasoma kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa walimu wazoefu. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo, na wengi miongoni mwetu tulishikishwa kalamu nao. Lakini palipokosekana betri, kipindi kilipita bila kusikika. Na hata kiliposikika, redio ilisema na msikilizaji akanyamaza.

Katika miaka hiyohiyo, huko Nicaragua, kati ya mwaka 1974 na 1979, ilijaribiwa redio ya namna nyingine kufundishia hesabu katika madarasa ya chini. Redio hii iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti. Baadaye ikatoa jibu sahihi. Watoto waliofundishwa hivyo walifanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wenzao. Kenya ilijaribu njia hiyo kufundishia Kiingereza katika darasa la kwanza hadi la tatu, katika miaka ya 1980. Zanzibar nayo, baada ya mwaka 2006, ilikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo.

Tuutazame ukimya ule kwa makini, kwa kuwa ndio kiini cha njia hii. Redio inasema: “Asha ana maembe matatu. Amepewa mengine mawili. Sasa anayo mangapi?” Kimya. Darasa linaitika: “Matano!” Redio inasema: “Matano.” Mtoto aliyesema manne amejua kosa lake papo hapo, naye hakuaibishwa na mtu. Hilo ni jambo kubwa katika darasa la watoto sitini, ambamo mtoto aweza kumaliza juma zima bila kuulizwa swali hata moja. Lakini sauti ya pamoja ina udanganyifu wake. Watoto kumi hutangulia kusema, wengine hudakia mwisho wa neno: “…tano!” Redio haiwezi kuwatofautisha. Anayeweza ni mwalimu, tena kwa macho. Atazame midomo. Mdomo unaofunguka baada ya wengine ni wa mtoto ambaye hakujua. Asijaribu kutazama darasa zima kwa mara moja. Swali hili atazame safu hii, swali lijalo safu ile, akiandika majina kwenye kipande cha karatasi. Kipindi kikiisha, hao ndio atakaokaa nao na vijiti vya kuhesabia.

Tulipata kuingia darasani ambamo mwalimu alifungua redio, akaketi kusahihisha madaftari. Watoto waliitika vizuri mno. Tulipowauliza mmoja mmoja baadaye, robo ya darasa haikuweza kujumlisha tatu na mbili. Mwalimu yule hakuwa mvivu, na madaftari yale yalikuwa na haki ya kusahihishwa. Alichokosa ni kuambiwa chuoni kwamba wakati redio inaposema ndipo kazi yake inapokuwa ngumu.

Redio ilikuwa na udhaifu mmoja usioponyeka: haikuweza kumsubiri mtoto. Urefu wa ukimya ulipimwa kwa kujaribu vipindi mbele ya watoto kabla ya kutangazwa, lakini ukishawekwa ulikuwa uleule kwa wepesi na wazito. Leo kipindi kilichorekodiwa kwenye simu kinaweza kusimamishwa na mwalimu mwenyewe. Je, tunajua kusubiri?

Mtafiti Mary Budd Rowe, katika uchunguzi wake uliochapishwa Marekani miaka ya 1970, alikuta kwamba kwa kawaida walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, kisha hulirudia au humwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, na watoto waliodhaniwa kuwa wazito walianza kusema. Tunamsihi kila mwanachuo ajipime. Weka simu yako kwenye dirisha la darasa, irekodi sauti ya somo lako la dakika arobaini. Jioni sikiliza, na kila baada ya swali uhesabu sekunde polepole. Andika hesabu hiyo pembeni mwa andalio la somo. Sisi wakufunzi tulipofanya zoezi hili wenyewe hatukupendezwa na tulichokisikia. Mmoja wetu alijibu maswali yake mwenyewe kabla ya mtoto yeyote kuvuta pumzi.

Juu ya maandalizi ya chombo hatuna mengi ya kusema. Sikiliza kipindi chote usiku uliotangulia. Hakikisha simu ina chaji, na sauti inafika kwa watoto wa nyuma. Simu ikiwekwa ndani ya sufuria tupu sauti yake huongezeka kidogo. Maswali manne au matano ya kipindi uyanakili kwenye andalio lako, ili chombo kikizimika katikati uyaulize kwa mdomo wako, ukihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu.