Chui wa Unguja na hesabu za wanyama wetu



Mjomba wangu kesha pita miaka themanini. Kila jioni baada ya Magharibi hukaa barazani nyuma ya suq, na akija mtu kutoka Zanzibar, kabla hata kahawa haijamiminwa, humuuliza suali moja: "Chui mmebakisha?" Wageni hucheka. Na mie nilikuwa nikicheka, mpaka siku moja nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye shahada: "Mjomba, chui wa Unguja kwisha, wataalamu wameandika." Akanitazama, akasema: "Na hao wataalamu walimhesabu lini?"

Suali hilo limenisumbua. Ndiyo maana naandika, kwani sisi tulio nje tumezoea kurushiana takwimu za wanyama wa kwetu bila ya kuuliza zimepatikana vipi.

Tuanze na chui mwenyewe. Unguja ilitengana na bara bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, na chui aliyebakia kisiwani akawa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake madogo madogo. Mwingereza Pocock ndiye aliyemwandika kama namna ya pekee mwaka 1932, kwa jina la Dakta Aders, mtumishi wa serikali ya Zanzibar wakati ule. Dakta huyo huyo ndiye aliyepewa jina la paa nunga mwaka 1918. Bahati mbaya mnyama huyu hakupata kusomwa akiwa hai. Tulichobaki nacho ni ngozi chache katika makumbusho, basi.

Kilichommaliza si siri. Mashamba yalipanuka, misitu ikapungua, na paa na kima ambao ndio chakula chake wakawindwa na watu. Lakini kulikuwa na jambo jengine ambalo bara halikuwa na nguvu kama kwetu: imani kwamba wako watu wanaofuga chui, wanawapa chakula, na kuwatuma usiku kwa jirani wakadhuru. Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wameandika sana khasa juu ya suala hili, wameonyesha jinsi imani hiyo ilivyogeuka kuwa kampeni baada ya Mapinduzi ya 1964, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wachawi walisakwa, na chui wakasakwa pamoja nao. Baada ya hapo chui akabaki kuwa mnyama mharibifu wa kuuliwa popote anapoonekana. Yaani mnyama aliuliwa kwa makosa ya binadamu, tena makosa ya kudhaniwa tu!

Sasa angalieni hesabu. Orodha za uwindaji ziliendelea kuandika chui waliouliwa hata ndani ya miaka ya 1990. Mtu akizisoma kavu kavu atasema: kumbe walikuwapo! Labda. Lakini msasi akileta khabari ya chui na karani akaandika "1", ile moja ni ya mnyama au ni ya khabari?  Mwaka 2003 kamera za kutegea ziliwekwa Jozani, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Zikapata picha za kanu, ambaye wengi hawakuwa hata wakijua kama yumo, lakini chui hakutokea. Kisha mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Kimarekani kikaonyesha kipande kifupi cha mnyama anayepita gizani, wakadai ndiye. Simu za hapa Muscat hazikunyamaza wiki nzima. Mpaka leo ile video haijawaridhisha wataalamu.

Kwa kima punju mambo ni kinyume, na hapa ndipo penye somo kubwa zaidi. Kima huyu mwekundu hapatikani pengine popote duniani isipokuwa Unguja, ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Kwa miaka mingi tukisoma kwamba wamebaki elfu mbili au chini ya hapo. Halafu timu ya Tim Davenport ikafanya kazi ya kufagia msitu baada ya msitu, kundi baada ya kundi, kisiwa kizima, badala ya kuhesabu sehemu moja na kukisia nyingine. Matokeo yalichapishwa 2019: kima 5,862, makundi 342. Watu wakashangilia kwamba wameongezeka mara tatu.

Hawakuongezeka! Kilichoongezeka ni miguu ya wahisabu. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba wametoweka katika baadhi ya misitu waliyokuwa wakiishi, na kwamba watoto wengi hawafiki ukubwani. Juu ya hayo iko barabara ya kusini inayopita Jozani, ilikotiwa lami miaka ya 1990, ambapo kima wakigongwa na magari kila mara mpaka yakawekwa matuta. Matuta yamesaidia, hayakumaliza. Mtu anayesema "wapo elfu sita, hapana wasiwasi" hajaisoma ile kazi, kasoma namba yake tu.

Paa nunga naye ana kisa chake. Makisio ya Unguja yalishuka kutoka kama 5,000 mwaka 1983 mpaka kama 640 mwaka 1999, na ikaonekana anakwisha. Ghafla, kamera zilizotegwa misitu ya Boni na Dodori, kule Kenya karibu na mpaka wa Somalia, zikapiga picha zake kwa wingi. Alikuwapo siku zote. Hakuna aliyekwenda kumtazama. Kwa paa wa Unguja hiyo haikuwa nafuu yoyote, lakini kwa dunia ilikuwa khabari njema.

Na kwa wale wanaopenda kulia tu: popo mkubwa wa Pemba mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa haonekani ila wachache, na wanakijiji walipoanza kuwalinda, kama pale Kidike, hesabu za miaka ya 2000 zilipita elfu ishirini. Popo hulala mtini mchana, hadharani, unamhesabu umesimama chini. Chui hakubali hilo.

Hapa Oman nako kuna la kujifunza. Wale wa mwisho wa al-maha, ambaye jina lake tunalipita kila siku kwenye vituo vya petroli, waliuliwa jangwani 1972. Walirejeshwa Jiddat al-Harasis 1982, wakafika mia nne na zaidi katikati ya miaka ya 1990. Majangili wakawarudia. Kufika 2007 walibaki kama 65, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mara ya kwanza kufanya hivyo popote. Lakini chui wa Dhofar, ambaye katika Bara Arabu nzima hawafiki 200, kamera za Jabal Samhan zimempiga picha tena na tena. Mlima ule ni mkubwa na mkavu, hauna watu. Unguja nzima ni kama kilomita za mraba 1,650, imejaa watu, kamera zimewekwa, na picha ya kuridhisha haijapatikana. Kwa hiyo rai yangu haikubadilika: chui wetu hayuko. Nilichobadilisha ni namna ya kulisema.

Nilimwendea mjomba nikamweleza yote haya, na video nikamwonyesha. Aliitazama mara mbili, akarudisha simu. Ndipo akanihadithia jambo ambalo sikupata kulisikia nyumbani kwetu: kwamba miaka ya hamsini, kijijini kwao kusini ya Unguja, majirani walikuwa wakinong'ona kuwa babu yangu ni mfuga chui, na kwamba hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuhamia mjini.

Nikamuuliza, basi mjomba, alikuwa akifuga kweli?

"Baba alifuga mbuzi watatu," akasema. "Wawili waliliwa na chui."